Kambakochi na kambamiti: leseni ni nyingi, kikomo kiko wapi?

Mtu anayetoka Somanga au Nyamisati na deli la kambakochi, akiwahi mnada wa alfajiri pale Feri, anaweza kuombwa karatasi mara tatu au nne kabla hajafungua mfuniko. Ataulizwa leseni ya chombo kilichovua. Ataulizwa leseni yake mwenyewe ya kununua na kuuza samaki. Njiani ataulizwa hati ya kusafirisha mzigo. Akishafika Magogoni, atadaiwa ushuru wa soko. Mzigo wote huenda ni kilo kumi na tano, na barafu inayeyuka.

Swali linaloulizwa sana pwani ya kusini ni hili: karatasi zote hizi ni za nini? Jibu la kawaida la ofisini ni kwamba zinalinda rasilimali ya bahari. Makala hii inaeleza kila karatasi inafanya kazi gani, nani anaitoa, na mtu ana haki gani anapoombwa. Lakini pia tuseme wazi jambo ambalo halisemwi sana: kwa mvuvi mdogo, leseni ya Tanzania Bara inamtambua na inamtoza, ila haipunguzi idadi ya watu wanaovua. Mara moja tu tuliwahi kuona leseni ikitumika kama kikomo halisi, na hiyo ilikuwa kwa meli za kambamiti.

Tuanze na majina, maana hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kambakochi ni yule mkubwa mwenye gamba gumu na pembe ndefu za mbele, anayekaa kwenye mashimo ya miamba. Kambamiti ni wale wadogo wa matope na mikoko, ambao sokoni wengi huwaita kamba tu. Uduvi ni wadogo zaidi na hatuwazungumzii leo.

Usajili, leseni na kibali navyo ni vitu vitatu tofauti. Usajili ni kama cheti cha kuzaliwa cha chombo: chombo kinapewa namba yake, na namba hiyo inaandikwa ubavuni. Leseni ni ruhusa ya muda, iwe ya chombo kuvua, ya mtu kuvua, au ya mfanyabiashara kukusanya na kuuza. Kibali au hati ni ya mzigo mmoja au safari moja. Kuwa na kimoja hakukupi kingine. Mwenye mashua iliyosajiliwa lakini leseni yake imeisha anahesabiwa kuwa hana leseni, hata kama namba imepakwa rangi nzuri.

Sheria inayotumika Bara ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1970. Chini yake kuna Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, ambazo zimefanyiwa marekebisho baadaye. Sheria inasema hakuna mtu wa kuvua, kukusanya, kuchakata au kufanya biashara ya samaki bila leseni. Kwa sheria hii kambakochi na kambamiti ni samaki, hata kama hawana mapezi wala magamba ya sato.

Vyombo vidogo, vile vya chini ya mita 11, hupata leseni kwa Halmashauri kupitia Afisa Uvuvi. Vikubwa zaidi vinakwenda kwa Mkurugenzi wa Uvuvi, wizarani. Anayetaka kupeleka mzigo nje ya nchi naye yuko chini ya wizara: anahitaji leseni ya kusafirisha nje, cheti cha afya cha mzigo, na analipa mrabaha kwa kila kilo.

Kwa hiyo kambakochi mmoja aliyetoka kwenye mwamba wa Songosongo mpaka kupakiwa kwenye ndege pale uwanja wa Julius Nyerere amepita mikononi mwa mamlaka tatu. Halmashauri ya Kilwa imetoa leseni ya ngalawa. Jiji la Dar es Salaam limechukua ushuru, kwa kuwa Soko la Feri liko kata ya Kivukoni, wilayani Ilala, na tangu Februari 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Jiji. Wizara ya Mifugo na Uvuvi imechukua mrabaha. Kila mmoja ana sababu yake ya kudai, na kila mmoja anaweza kukujibu kwamba lile unalolalamikia si lake.

Feri yenyewe inastahili maneno machache. Jengo linalojulikana sasa lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani na kufunguliwa mwaka 2002, hatua chache tu kutoka Ikulu ya Magogoni. Kuna mnada, kuna wakaanga samaki, kuna waparuaji, kuna wauza barafu, kuna madalali. Kambakochi mkubwa hakai sana pale mezani. Mara nyingi ameshapata mwenyewe kabla hajatoka kijijini, kwa sababu tajiri aliyetoa pesa ya mafuta na nyavu ndiye aliyeweka bei. Anayefika Feri kutafuta mnunuzi ni yule ambaye hana tajiri, au aliyegombana naye, au mwenye kambakochi waliokufa njiani. Aliye hai ana bei ya hoteli na ya ndege. Aliyekufa anashuka bei kwa kila saa inayopita, na ndiyo maana kusimamishwa njiani saa mbili kwa ajili ya karatasi ni hasara hata kama mwishowe unaruhusiwa kupita.

Sasa turudi kwenye kikomo. Ili kuona leseni inavyoweza kupunguza uvuvi, inabidi tukumbuke meli za kambamiti.

Kambamiti anaishi maisha mafupi, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Mama anataga kwenye maji ya nje. Watoto wanaingia kwenye mikoko na midomo ya mito, wanakulia huko, kisha mvua zinapokuja na maji ya mto yakajaa wanatoka tena baharini wakiwa wakubwa. Ndiyo maana maeneo yake mashuhuri kwetu yamefuata mito: Wami na Ruvu upande wa Bagamoyo na Saadani, na delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko wa hekta 53,000 hivi, mkubwa kuliko wote upande huu wa Afrika. Kambamiti hakai mbali. Kwa hiyo meli zinazomtaka zinalazimika kuja karibu na ufuko, kwenye maji yale yale ya mitumbwi.

Serikali ilijua hilo, ikaweka masharti. Bahari iligawanywa katika maeneo matatu ya uvuvi. Meli ziliruhusiwa kuvua mchana tu. Msimu ulifunguliwa Machi na kufungwa mwisho wa Novemba, ili kuanzia Desemba mpaka Februari wadogo wapate nafasi ya kukua. Kwenye karatasi, masharti hayo yalikuwa mazuri. Lakini leseni ziliendelea kutolewa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 meli zilizidi 20. Wavuvi wa Bagamoyo, Kisiju na Rufiji walilalamika kwamba nyavu zao zinakokotwa na kukatwa, na kwamba samaki wengi wanaonaswa pamoja na kambamiti wanamwagwa baharini wakiwa wamekufa.

Kisha kambamiti wenyewe wakatoa jibu. Mwaka 2003 meli zilikuwa zimevua zaidi ya tani 1,000. Kufika 2007 zilipata karibu tani 200 tu. Kuanzia msimu wa 2008 serikali ilisimamisha uvuvi wa kambamiti kwa meli, na usimamishaji huo ulidumu miaka mingi.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo mapema kidogo. Uvuvi wa meli katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, ulisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo. Mwaka 2010 wakaandika mpango wa usimamizi wa kambamiti: msimu wa kufunga kuanzia Novemba mpaka Machi, umbali kutoka ufukoni, na idadi ndogo ya meli zinazoruhusiwa. Walirudisha meli wakiwa wameshajibu kwanza swali la zitakuwa ngapi. Kila hoja ya kuruhusu meli kwenye maji ya Rufiji inapoibuka hapa kwetu, hilo ndilo la kuuliza kwanza, kabla ya ada na kabla ya ajira zinazoahidiwa.

Kuna kisa kingine cha Rufiji ambacho vijana wengi hawakukikuta. Mwishoni mwa 1997 serikali iliidhinisha mradi wa kampuni moja ya kufuga kambamiti katika delta, uliohitaji eneo la karibu hekta 10,000. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri usikubaliwe. Wanavijiji waligawanyika, wengine wakaenda Mahakama Kuu kuupinga, na mwisho mradi ukafa bila kuvuna. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha upande mwingine wa neno kibali. Mwenye mtumbwi anatafutwa kwa leseni ya mwaka mmoja, wakati kibali kinachobadilisha delta nzima kinaweza kuandikwa mjini na wenye delta wakasikia baadaye.

Basi meli zilipoondoka, nani alibaki? Walibaki wavuvi wadogo, na hao wameongezeka. Sensa ya wavuvi ya pwani ya Bara ya mwaka 2009 ilihesabu wavuvi zaidi ya 36,000. Ile ya 2018 ilihesabu zaidi ya 53,000. Ndani ya miaka tisa bahari haikuongezeka, na miamba ni ile ile. Lakini hakuna mahali ambapo kijana aliyefika kwa Afisa Uvuvi na ada mkononi aliambiwa kwamba leseni za mwaka huu zimekwisha. Uvuvi mdogo uko wazi kwa kila anayeweza kulipa.

Usidhani ni uzembe wa maofisa. Tazama hesabu ya Halmashauri. Leseni ni mapato. Halmashauri iliyopangiwa lengo la makusanyo haina sababu ya kumkataa mvuvi wa 201 kwa kuwa miamba inatosha watu 200. Ikimkataa inapoteza ada na ushuru, na yeye atavua tu usiku, au atakwenda wilaya ya pili akalipe huko. Tumempa mkusanya mapato kazi ya kulinda bahari, na hatujamwambia akifunga lango hasara atafidiwa na nani.

Kwa kambakochi, jambo hili lina uzito kuliko kwa samaki wengine wengi. Aina inayovuliwa zaidi pwani yetu, ambayo wanasayansi huiita Panulirus ornatus, haipendi kuingia kwenye dema. Inafuatwa kwa kuzamia, shimo kwa shimo, kwa miwani na kijiti chenye ndoano, au inanaswa na jarife. Mzamiaji mmoja hodari anaujua mwamba wake kama mtu anavyojua shamba lake, anajua shimo lipi linakaliwa na lipi lina mkunga. Waje wazamiaji wengine ishirini wasiotoka hapo, na kwa bamvua mbili mwamba unakuwa mtupu. Na mwamba ukishakuwa mtupu haujazwi upesi. Mama anabeba mamia ya maelfu ya mayai chini ya mkia, lakini watoto wanaelea bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi mwambani, na wanaweza kutua mbali sana na walikozaliwa.

Kanuni zinajaribu kumlinda kwa njia ya mwili wake. Kambakochi mwenye mayai haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa, na walio wadogo mno nao hawaruhusiwi, kama ilivyo kwa pweza wa chini ya gramu 500. Kuvua kwa mitungi ya kupumulia pia kumekatazwa. Hizi ni kanuni nzuri na mzamiaji mzoefu anaziunga mkono, maana yeye ndiye anayeona mayai kwanza. Tatizo ni kwamba ukaguzi unafanyika barabarani na sokoni, saa nyingi baada ya kambakochi kutoka majini. Mwenye mayai akikutwa Feri, amekwishakufa. Kumnyang'anya mchuuzi ni kutekeleza sheria, lakini hakumrudishi kambakochi mwambani.

Wengi wanakumbuka mwaka 2018, wakati wa Waziri Luhaga Mpina, kulipokuwa na Operesheni Sangara upande wa Ziwa Victoria na Operesheni Jodari upande wa bahari. Nyavu zilichomwa, watu walitozwa faini, na Juni mwaka huo maofisa waliingia mpaka kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma na rula, wakapima samaki waliokwisha pikwa. Wabunge walikuja juu. Kijijini watu walicheka kidogo, kwa sababu rula ile walishaizoea. Ila tusisahau upande wa pili: uvuvi wa mabomu ulikuwa umeanza kupungua baada ya doria kukazwa katika miaka ile, na hakuna mzamiaji wa kambakochi anayelilia baruti irudi. Nguvu ilifanya kazi pale ambapo kosa lilikuwa wazi kwa kila mtu. Haikufanya kazi vizuri pale ambapo kosa ni karatasi iliyopitwa na tarehe.

Je, kuna mahali leseni ya kambakochi inapunguza watu kweli? Iko mfano mmoja wa mbali unaotuhusu kwa sababu ni wa aina ile ile ya kambakochi. Katika Mlango wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, wenyeji wa visiwa wanazamia kambakochi hao hao kwa ajili ya soko. Kule uvuvi wa biashara unafungwa Oktoba na Novemba. Kuna kipimo cha chini cha mkia. Tangu Desemba 2018 kuna uzito wa juu wa mwaka mzima, ukifikiwa uvuvi unasimama. Wenyeji wana leseni zao za kiasili ambazo mgeni hawezi kuzinunua. Hatusemi tuige kila kitu. Nchi ile ina pesa na doria. Lakini leseni yao inafanya kazi mbili ambazo yetu haifanyi: ina mwisho, na inamtambua wa hapa na wa kuja.

Kwetu, chombo kinachokaribia kufanya hivyo ni BMU, yaani vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukoni, ambavyo sheria ya 2003 inavitambua. Wavuvi wa dago wanaofika na kupiga kambi wanatakiwa waripoti kwa BMU na kwa Afisa Uvuvi wa huko walikofikia. Leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Kilwa na Mafia vijiji vimewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha kuifungua kwa siku iliyokubaliwa, na siku hiyo watu wamevua pweza wakubwa. Hakuna waziri aliyesimama ufukoni kuhesabu. Watu walikubaliana wenyewe, na anayevunja anajulikana kwa jina na kwa baba yake. Kama wazamiaji wa kambakochi wangepangiwa idadi kwa mwamba, na BMU ikawa na sauti ya kusema mwaka huu hatupokei dago la kuzamia, leseni ingeanza kuwa na maana yake. Kwa maoni yetu hilo lingekuwa na faida kuliko vizuizi vitatu zaidi kwenye barabara ya Kilwa. Lakini BMU nyingi hazina mafuta ya boti ya doria, na baadhi ya viongozi wake ndio hao hao wanaokopeshwa na tajiri.

Liko kundi ambalo karatasi hizi hazilioni kabisa. Ni wanawake wanaokusanya kwa miguu maji yakitoka, kwenye matope ya delta na kwenye fukwe za kokoto. Hawana chombo cha kusajili. Leseni nyingi zinaanzia kwenye chombo, kwa hiyo wao hawamo kwenye daftari. Hilo linaonekana kama nafuu mpaka siku inapokuja mikopo ya boti na mashine, au fidia ya mradi fulani, na orodha inayotumika ni ya wenye leseni. Mama aliyekusanya kambamiti miaka ishirini anaambiwa aonyeshe kwamba yeye ni mvuvi. Kama uko kwenye hali hiyo, nenda kwa BMU ya kijiji ukaandikwe mwanachama, na uombe leseni ya mtu binafsi. Ni gharama, ndiyo, lakini bila jina kwenye daftari huna pa kuanzia kudai.

Sasa yale ya kutumia barabarani. Unapolipa leseni ya serikali, malipo yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu, ile tunayoita kontrol namba, kupitia simu au benki. Anayekuambia umkabidhi pesa mkononi halafu karatasi itakuja baadaye hajakupa leseni. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa na usisubiri siku ya mwisho, kwa sababu msimu wa kaskazi ndio bahari inapotulia, maji yanapokuwa meupe na kuzamia kunapokuwa kuzuri, na ndio ofisi nyingi zinapokuwa na foleni ya mwaka mpya. Leseni ina jina lako na haiazimwi. Kaka yako akikutwa nayo, mnakuwa wawili wenye kosa.

Ukisafirisha mzigo, hati ya kusafirisha ichukuliwe kule mzigo ulikotoka, kabla haujapanda basi au boti, na uzito ulioandikwa ulingane na ulio kwenye deli. Mzigo ukizidi hati, wewe ndiye utakayeulizwa, hata kama tajiri ndiye aliyeongeza. Leseni ya chombo inabaki na chombo, kwa hiyo mchuuzi aombe nakala au ajue namba ya usajili ya chombo alichonunua kwacho. Piga picha karatasi zako zote kwa simu. Picha haichukui nafasi ya karatasi, lakini ikilowa maji unajua namba ya kutaja.

Ukikamatwa, kuna njia mbili. Moja ni kupelekwa mahakamani. Nyingine ni kufifilisha kosa, yaani unakiri kwa maandishi na kulipa faini bila kwenda mahakamani. Kufifilisha ni hiari yako. Huwezi kulazimishwa kukiri kosa ambalo hukulifanya, na ukilipa, stakabadhi ya serikali lazima iwepo na iseme umelipia nini. Mzigo ukikamatwa, omba hati inayotaja aina, uzito na idadi ya vilivyochukuliwa, iliyosainiwa na aliyechukua. Kambakochi ni mali ya kuoza, na sheria inaruhusu mali hiyo iuzwe au igawiwe kabla shauri halijaisha, ndiyo maana bila hati ya uzito hutakuwa na cha kudai hata ukishinda.

Jambo jingine linalowakwaza wengi ni Zanzibar. Sheria ya 2003 ni ya Bara tu. Unguja na Pemba wana sheria yao ya uvuvi ya mwaka 2010 na wizara yao ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Mvuvi wa Nungwi anayekuja dago Bagamoyo, au wa Tanga anayekwenda Pemba, amebadilisha sheria kwa kuvuka mkondo. Bahari kuu, zaidi ya maili 12 kutoka pwani, nayo iko chini ya mamlaka ya pamoja yenye makao yake Fumba, Unguja. Huko wanavuliwa jodari, si kambakochi, kwa hiyo mwenye ngalawa hahusiki, lakini anaposikia redioni kwamba leseni za uvuvi zimetolewa kwa meli za nje, ajue mara nyingi ni hizo.

Mambo haya yote yanaweza kubadilika mahali kabla hayajabadilika kisheria. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Bandari hiyo imepangwa kuwa na maghala ya baridi, barafu, na sehemu ya kushushia na kuuzia samaki. Mnunuzi wa nje akipata barafu na maghala ya baridi Kilwa, hana haja ya kumfuata mtu Feri. Kambakochi wa Songosongo na kambamiti wa Rufiji watapimwa karibu na nyumbani, na mzamiaji ataona mzani kwa macho yake. Safari ya usiku na deli itapungua, na vizuizi vyake.

Lakini bei ikipanda na barafu ikiwa karibu, wazamiaji wataongezeka kuliko hao 53,000 walivyoongezeka. Kilwa ndiyo itakayoulizwa, tena haraka, kama daftari lake la leseni lina ukurasa wa mwisho. Madiwani wa Kilwa, Kibiti na Mafia wana vikao vyao vya bajeti kila mwaka, na ada za uvuvi hupita humo pamoja na lengo la makusanyo. Kikao hicho kiko wazi kwa wananchi. Mwenyekiti wa BMU anaweza kwenda akakaa nyuma, akasikiliza leseni ngapi zinatarajiwa kuuzwa mwaka huu, na akauliza mwamba gani utazibeba.